Mwathirika, Mhanga au Manusura? Kiswahili Chetu na Vikundi vya Kusaidiana, Tukianzia Owino

Tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na diwani. Safari hii tunahakiki maneno. Ni maneno ambayo Kiswahili hutumia kumtaja mtu aliyedhulumiwa kingono, kutaja alichotendewa, na kutaja mahali anapokwenda kutafuta nafuu. Tumechagua mada hii kwa sababu imekwisha kubisha hodi mlangoni mwetu. Wahitimu wa Kiswahili ndio wanaoitwa kufasiri vipeperushi vya mashirika, kukalimani kliniki, na kuketi katikati ya mshauri asiyejua Kiswahili na mkimbizi asiyejua Kiingereza wala Kiganda. Huitwa kwa sababu wanaijua lugha. Swali letu ni hili: lugha tuliyowapa inafaa kazi hiyo?

Hoja yetu ni kwamba istilahi nyingi tunazozifundisha humhukumu mtu kabla hajafungua kinywa, na kwamba vikundi vilivyofaulu kuponya vilianza kwa kusikiliza maneno ya watu wenyewe.

Tuanzie sokoni. Jina rasmi ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe, kwa kumbukumbu ya Yosefu Mukasa Balikuddembe, mfiadini wa Uganda aliyeuawa mwaka 1885, lakini Kampala nzima husema Owino. Soko hilo lilianza mwaka 1971, liko jirani na uwanja wa Nakivubo, na sifa yake kubwa ni mitumba, ambayo Waganda huiita mivumba. Kiganda ndicho kinachotawala humo. Hata hivyo Kiswahili nacho husikika: cha Mkongo anayeuliza bei ya vitenge, cha Mkenya aliyefuata mzigo, cha dereva anayesubiri kupakia.

Kiswahili hicho hakina maana moja kwa kila sikio. Kwa Mkongo aliyekimbia Kivu, huenda ndiyo lugha ya mama yake, na papo hapo ikawa lugha ya watu waliomvamia. Kwa Waganda wengi, Kiswahili kilijulikana kwanza kama lugha ya jeshi. Idi Amin aliitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na waliopitia miaka ile waliisikia kwenye vizuizi vya barabarani. Tangu mwaka 2005 Katiba inaitambua kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha ifundishwe kwa lazima shuleni. Sisi walimu tunafurahia maamuzi hayo, na ni haki yetu. Lakini mkalimani anayeingia katika kikao cha watu waliodhulumiwa hana budi kujua kwamba pengine lugha yenyewe ndiyo iliyotumika kutoa amri. Kumwuliza mtu angependa kusema kwa lugha gani ni hatua ya kwanza ya tiba.

Sasa tutazame jina la kikundi chenyewe. Vipeperushi vingi husema "kikundi cha msaada". Tafsiri hiyo ni ya neno kwa neno, na inapotosha. Kwa mkimbizi, msaada ni unga, blanketi na turubai. Mtu akiambiwa aje kwenye kikundi cha msaada, atakuja na mfuko, naye atakuwa na haki ya kukasirika akikuta viti tu. Wakati huohuo wanawake wa masoko ya Kampala wana majina yao ya siku nyingi kwa jambo la karibu na hili. Wana nigiina, ambamo kila mmoja huchanga na kupokea kwa zamu, na wana munno mu kabi, yaani mwenzako katika shida, kikundi cha kusimama na aliyefiwa au aliyepatwa na janga. Wakenya wana chama, Watanzania wana upatu. Majina hayo yote yana dhana ambayo "msaada" haina: zamu. Leo nasikiliza, kesho nasikilizwa. Ndiyo maana tunapendelea "kikundi cha kusaidiana". Kiambishi -an- cha kutendana, ambacho tunakifundisha kila muhula, hapa kinabeba siri yote ya tiba ya kikundi.

Kampala ina ushahidi wa nguvu ya kiambishi hicho. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha TASO, shirika lililotokana na watu wachache walioguswa na UKIMWI, waliokuwa wakikutana na kufarijiana wakati ambapo hospitali hazikuwa na dawa ya kuwapa. Walichokuwa nacho ni mazungumzo. Historia ya UKIMWI inatufunza jambo jingine pia. Magazeti ya Kiswahili yaliandika "mwathirika wa UKIMWI" kwa miaka mingi, mpaka wahusika walipolikataa jina hilo, na leo tunasema "mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI". Kamusi haikuvunjika. Lugha ilimsikiliza mwenye jambo.

Je, aliyedhulumiwa kingono tumwiteje? Maneno matatu yanashindana. "Mwathirika" linatokana na kuathiri. Linamtaja mtu kwa alama aliyoachiwa na mwingine, na halisemi alama hiyo itafutika lini. "Mhanga" ni zito zaidi. Kujitoa mhanga ni kujitoa hadi kufa. Mhanga ni kafara, na kafara hairudi nyumbani kulea watoto. "Manusura" ndilo linalopendwa siku hizi, nalo lina asili njema, kwa kuwa kunusurika ni kuokoka. Hata hivyo tunalitilia shaka kidogo. Manusura wa ajali ya meli ametoka majini na ajali imekwisha. Binti anayeishi nyumba moja na aliyemdhulumu hajatoka majini, na kumwita manusura ni kumpongeza mapema. Tunashauri "manusura" liwe neno la maandishi, kwa kuwa ni bora kuliko mengine mawili, lakini ndani ya kikundi mtu aitwe kwa jina lake au kwa jina alilochagua mwenyewe. Aliyefika pale ni Mama Fulani muuza nguo, na alikuwa Mama Fulani kabla ya siku ile.

Jina la tendo ndilo linalohitaji uhakiki mkali zaidi. Magazeti yetu, hasa ya Kenya, husema mtoto "amenajisiwa". Neno najisi limetoka katika lugha ya twahara: ni uchafu unaoharibu ibada, na nguo ikiingia najisi hufuliwa. Sarufi ya sentensi hiyo inamweka mtoto mahali pa nguo. Mkosaji ametenda, lakini uchafu umebaki kwa mtoto. "Kuharibiwa" na "kuchafuliwa" yana dosari hiyohiyo. Tusiwalaumu Waswahili peke yao, maana Kiingereza cha sheria ya Uganda, kinapozungumzia mtoto, nacho kinatumia neno lenye maana ya kutia unajisi. Sheria na magazeti vimeshikana mikono, na mtoto ndiye anayebaki na doa.

Kiganda cha hapohapo Kampala kina usemi ulio bora. Husemwa okusobya ku mtu, na kusobya ni kukosea, kutenda kosa. Katika usemi huo kosa limekaa kwa mtendaji, na aliyetendewa ni mtu aliyekosewa. Lakini Kiganda hichohicho kina usemi mwingine, okukaka omukwano, yaani kulazimisha mapenzi, na huo una mtego wake. Mukwano ni rafiki, mpenzi. Ndilo neno ambalo wauzaji wa Owino huwaitia wateja siku nzima ili waje kutazama bidhaa. Kukiita kitendo cha ukatili kwa jina la mapenzi, hata yakiwa mapenzi ya kulazimishwa, ni kumwachia mkosaji kichaka cha kujifichia. Magazeti ya Kiswahili hufanya vivyo hivyo yanapoandika kwamba mwalimu "alikuwa na uhusiano wa kimapenzi" na mwanafunzi wa miaka 13. Tunasema bila kusita: "kubaka" ni neno kali, lakini ni neno la haki, kwa kuwa halimchafui aliyetendewa wala halimpambi aliyetenda.

Kauli ya kutendwa nayo ina lake. Vichwa vya habari husema "Binti abakwa sokoni". Abakwa na nani? Kila mwalimu wa sarufi anajua kwamba kauli hiyo huruhusu mtenda kutoweka. Tunaifundisha kwa mifano ya oa na olewa: mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Mfano huo umekaa vitabuni hadi umekuwa kama sheria ya maumbile, kwamba kutendwa ni uke. Sasa mwangalie mwanamume aliyebakwa vitani. Kampala ina wanaume wa namna hiyo, wengi wao wakimbizi kutoka Kongo. Mradi wa Sheria kwa Wakimbizi wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulioanzishwa mwaka 1999, umefanya kazi nao kwa miaka mingi, na baadhi yao waliunda kikundi chao cha kusaidiana, Men of Hope, yaani Wanaume wa Tumaini. Wapo waliosimulia kwamba majirani waliwadhihaki kwa kuwaita wake za porini. Sheria ya jinai ya Uganda nayo inaeleza kubaka kuwa ni kosa dhidi ya mwanamke au msichana, hivyo mwanamume hawezi kulipeleka jambo lake polisi kwa jina hilo. Kwa mtu huyo, jina la kikundi ni jambo kubwa. Neno "wanaume" lililomo katika jina hilo linamrudishia kile ambacho dhihaka ilimnyang'anya. Kiswahili kinaweza kumsaidia pia, maana kiambishi a- hakichagui jinsia: "alibakwa" linamhusu yeyote. Kazi yetu ni kuacha kufundisha kana kwamba kila mtendwa ni mwanamke.

Tufike kwenye tiba. Tumezoea kusema "ushauri nasaha". Ushauri ni shauri, na nasaha ni shauri. Tumelirudia jambo lilelile kwa maneno mawili, na yote mawili yanampa kazi msemaji. Asikiaye jina hilo hutarajia mawaidha, na mshauri asiyefunzwa vizuri huyatoa: samehe, sahau, vumilia, jistiri. Tiba ya kikundi iliyofanikiwa katika nchi zetu haikwenda hivyo.

Mfano wa kwanza unatoka wilaya za Masaka na Rakai, kusini mwa Uganda. Watafiti waliotaka kujaribu tiba ya kikundi kwa watu wenye sonona walianza kwa kuwauliza wanavijiji wenyewe wanayaitaje maradhi ya moyo. Walipewa maneno mawili: okwekubagiza, yaani kujililia na kujihurumia, na yo'kwekyawa, yaani kujichukia mpaka mtu haoni faida ya kuishi. Tiba ikajengwa juu ya maneno hayo. Vikundi vya wanawake vilikuwa peke yao na vya wanaume peke yao, vikikutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16, na viongozi walikuwa watu wa eneo hilo waliofunzwa, wasio madaktari. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: waliohudhuria vikundi walipata nafuu kubwa kuliko ambao hawakuhudhuria. Jaribio hilo lilihusu sonona kwa jumla, bila kubagua chanzo chake, lakini somo lake kwa mtu wa lugha liko wazi. Neno "kujichukia" linaeleweka na kila mtu. "Unyogovu" linahitaji semina.

Mfano wa pili unatugusa zaidi, kwa sababu ulihusu wanawake waliodhulumiwa kingono, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zake. Mwaka 2011, katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, wasaidizi wa kijamii wa mashirika ya hapohapo walifunzwa kuongoza tiba ya kikundi ya kuyapima mawazo. Wanawake wengi hawakujua kusoma, hivyo mazoezi yalirahisishwa ili wayashike kwa kichwa. Katika vikao 12 walijifunza kulishika wazo kama "ni kosa langu" na kuliuliza: ni kweli? nani aliyesema? kuna ushahidi gani? Vijiji vingine vilipewa msaada wa mtu mmoja mmoja. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalionyesha kwamba miezi 6 baada ya tiba, waliobaki na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa walikuwa asilimia 9 katika vikundi vya tiba, na asilimia 42 kwa wale waliopata msaada wa mmoja mmoja.

Jambo lililotushika zaidi katika tiba ile ni kwamba wanawake hawakutakiwa kusimulia mbele ya wenzao jinsi tukio lilivyokuwa. Walizungumzia mawazo na hisia zilizofuata, na kila mmoja alibaki na siri yake kadiri alivyotaka. Hapa tunalazimika kuzihakiki methali zetu tukufu. "Mficha maradhi kifo humuumbua" na "Mficha uchi hazai" zimebandikwa kwenye kuta za zahanati kwa nia njema, lakini kwa mtu huyu zina sauti ya vitisho: sema, la sivyo utaumbuka. Vikao vya Kivu vinaonyesha kwamba mtu anaweza kupona bila kujianika. Anachohitaji ni kuwa na uwezo wa kuchagua atakachosema, maana siku ile ndicho alichonyimwa.

Hili linarudi moja kwa moja darasani kwetu. Ni mwalimu gani wa Kiswahili ambaye hajawahi kutoa insha ya "Siku nisiyoisahau"? Katika darasa la wanafunzi 60 hatujui ni nani anayeitazama mada hiyo huku kalamu ikimtetemeka mkononi. Akiandika ukweli, tutampa alama 14 kwa 20 na kumzungushia wino mwekundu kwenye tahajia. Akiandika uongo, tumemfundisha kwamba Kiswahili ni lugha ya kufichia. Tena akiwa Mkongo aliyeandika "batu" badala ya "watu" na "bamama" badala ya "akina mama", tutasahihisha kwanza ba- hizo. Sisi hatusemi sanifu itupwe. Mahakama inahitaji istilahi moja yenye maana moja, na hospitali vilevile. Kesi inaweza kuanguka kwa sababu mkalimani aliandika "alimshika" mahali pa "alimbaka". Lakini kikao cha kusaidiana si mahakama. Mkalimani anayesanifisha usemi wa mtu katika kikao hicho anamnyamazisha mara ya pili.

Fasihi tunayofundisha nayo haituachi salama. Rosa wa Euphrase Kezilahabi, katika Rosa Mistika ya mwaka 1971, anaishia kujiua. Katika Chozi la Heri ya Assumpta Matei, ya mwaka 2017, binti za Kaizari wanabakwa katika ghasia za baada ya uchaguzi, na Sauna anadhulumiwa na baba wa kambo huku mama akiuficha uovu. Waandishi hawa wamefanya kazi ya ujasiri, na hatuwadai mwisho mwema. Tunachokidai ni kwa upande wetu, tunaotunga maswali. Tunauliza "Eleza sifa za Rosa", au "Fafanua maudhui ya ukatili", na mwanafunzi anaorodhesha nukta tano na kufunga karatasi. Mara chache tunauliza: nani angeweza kumsikiliza mhusika huyu, na angemwambia maneno gani? Swali kama hilo lingemfundisha mwanafunzi uhakiki, na pengine lingempa mwenzake aliyekaa dawati la nyuma sentensi ya kwanza.

Kwa hiyo tuna mapendekezo manne kwa idara na kwa wasomaji wetu. Kwanza, kozi za tafsiri na ukalimani ziwe na somo la lugha ya watu waliodhulumiwa, na maneno kama "kunajisiwa" na "kuharibiwa" yajadiliwe humo waziwazi kwa asili na athari zake. Pili, wanafunzi wasome Kiswahili cha Kongo kama lugha yenye kanuni zake, ili wakikisikia Kampala wakielewe kabla ya kukisahihisha. Tatu, mada za insha zinazomlazimisha mwanafunzi kutoa maisha yake ziwe za hiari, na daima ziandamane na mada nyingine ya kuchagua. Nne, kila mwalimu ajue ni nani chuoni au shuleni mwake anayestahili kupelekewa mwanafunzi aliyefunguka, kwa ridhaa ya mwanafunzi mwenyewe, maana mwalimu wa lugha si tabibu na asijifanye tabibu.

Tumalizie na neno moja ambalo Kampala imelikopa kutoka kwetu. Shirika la Raising Voices la mjini humo liliuita mpango wake wa kuzuia ukatili dhidi ya wanawake SASA!, na mpango huo ulifanyiwa utafiti katika mitaa ya Rubaga na Makindye kati ya miaka 2007 na 2012. Matokeo ya mwaka 2014 yalionyesha kwamba pale ulipoendeshwa, ukatili wa kupigwa na mwenzi ulikuwa chini kwa asilimia 52 kuliko pale ambapo haukuwapo. Katika mji wenye lugha nyingi, walichagua neno fupi la Kiswahili ambalo halimtukani mtu, halimhubirii, na linaeleweka na muuza mivumba na mteja wake. Istilahi zetu nyingine nazo zipimwe kwa kipimo hicho. Tunawaomba walimu na wanafunzi watuletee maneno wanayoyasikia katika maeneo yao, kwa lugha zozote, ili tuyajadili katika toleo lijalo.